Mbwa Aliyeitikia Jina Langu

Zuhura aliponipigia simu kuniambia mama yake amefariki, jambo la kwanza nililofanya ni kutomwamini. Siku hizi matapeli wanajua majina ya watu wako wote. Wanalia kwenye simu kama wamefiwa kweli, kisha wanakutajia namba ya kutuma rambirambi. Nilimwambia pole, nikakata, nikampigia fundi cherehani mmoja wa Nachingwea ninayefahamiana naye, nikamuuliza kama kuna turubai mbele ya nyumba ya Mama Zuhura. Akasema lipo, na watu wamejaa. Ndipo nilipokaa kwenye ngazi ya nyumba yangu hapa Ruangwa nikalia. Wanangu wanasema ugonjwa huu wa kushuku kila kitu nimeupata uzeeni. Wanakosea. Nilikuwa nao tangu ujana, na mwaka ulionizidia kabisa ni ule niliokaa katika nyumba ya mama huyo, nikiwa na mtoto wa mbwa niliyetaka ajifunze kukojoa nje wakati mimi niko kazini kutwa. Mazishi sikuyawahi, kwa kuwa walizika siku ileile. Nilikwenda kwenye hitma ya arobaini, nikakaa uani pamoja na wanawake wengine, na muda wote nilikuwa nautazama mgomba ulio nyuma ya choo. Si mgomba wenyewe, bila shaka, ni mjukuu wa mjukuu wake, lakini umesimama palepale.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha, na zile mvua kubwa zilizozoa madaraja zilikuwa zimepita mwaka uliotangulia. Nilitoka Njombe kuja kuanza kazi ya karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali pale Nachingwea. Kabla sijaondoka, kila mtu nyumbani alikuwa na lake la kuniambia kuhusu Kusini. Barabara hazipitiki, mbu ni wakubwa, na zaidi ya yote, niwe macho, kwa sababu huko watu wanaweza kukuchukulia nyota yako ukiwa umelala, ukaamka mtu mwingine. Mimi nilijifanya kucheka, lakini niliyaweka yote akilini. Na kazi yenyewe ilinikomaza. Masijala ni mahali ambapo mtu anakuja na uso mkavu kukuambia faili halionekani, kumbe amelikalia. Ukifanya kazi hiyo mwaka mzima, humwamini tena hata anayekuambia mvua inanyesha. Unatoka kwanza nje kuangalia.

Chumba nilichopata kilikuwa katika nyumba ya Mama Zuhura, mjane wa Kimwera mwenye umri wa kunizaa, aliyekuwa akikaa peke yake tangu binti yake aolewe Ruangwa. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya pale mjini: ukumbi umepita katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Haikuwa na dari, kwa hiyo kuta ziliishia njiani na maneno yalipita juu yake kama moshi. Nilimsikia Mama Zuhura akisali, akipepeta mchele, akizungumza peke yake kwa Kimwera nisichokijua, na hilo la kutokijua ndilo lililoninyima raha. Alikuwa mpole kwangu, ila kwa mbali. Hakuniita jina. Aliniita "mgeni". Akipika mbaazi za nazi alinipa sahani yangu uani, tukala kila mtu kwenye kigoda chake, na mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa sikuzote. Nilijiuliza kuna nini humo ndani ambacho mtu haruhusiwi kukiona.

Habari ya mbwa ilianza na wezi. Palikuwa na wezi waliokuwa wanaopoa vitu vya watu kwa mti mrefu wenye ndoano kupitia dirishani, na asubuhi moja niliamka nikakuta redio yangu haipo na sketi yangu ya kazini inaning'inia kwenye nondo, imewashinda. Komba, dereva wa ofisini kwetu, alikwenda safari ya Nambilanje akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya boksi, jike, mwekundu, amepewa na wawindaji wa huko. Nilimpenda palepale. Shida ni kwamba hakuwa wa kulala nje, mdogo vile, na ndani ya nyumba ya watu wanaosali mbwa si jambo dogo. Mama Zuhura hakusema kitu. Aliyesema ni kaka yake, Mzee Mfaume, aliyeijenga nyumba ile na ambaye alikuwa anaishi Ruponda kwenye mikorosho yake. Alikuja mara moja, akasimama mlangoni kwangu bila kukanyaga kizingiti. "Binti," aliniambia, "mimi Ramadhani nafungia hapa kwa dada yangu kila mwaka. Mbwa kulinda, sawa, hata sisi shambani tunao. Lakini nikija nikasikia harufu ya mkojo wake humu ninamosali, wewe na yeye mtafute pengine." Hakufoka. Aliongea kama mtu anayekutajia bei, akaondoka. Na mji ule, msimu wa korosho unapokaribia, vyumba vyote huwa vimeshachukuliwa na wanunuzi. Nikajua nina miezi mitatu ya kumfundisha mbwa au kulala ofisini.

Jina nilimpa mwenyewe, na hapa niseme kidogo juu ya majina ya mbwa. Kwetu mbwa anaitwa Simba au Jeki, basi. Pale nilikuta jirani wa nyuma ana mbwa anaitwa Mtachoka, na mwingine mtaa wa pili anaye Hayawahusu. Nilicheka sana. Komba akanieleza kwamba kule mtu hamwiti mbwa wake bure. Akiwa na neno na jirani na hataki kulisema usoni, anamvika mbwa, kisha anampigia mbwa kelele kutwa, na mwenye kusikia anasikia. Nikaona ni busara. Na mimi nikasema nitajitumia ujumbe mwenyewe, maana nilijua kinachonisubiri. Nikamwita Subira.

Ratiba yetu ilikuwa hivi. Alfajiri namtoa uani kabla Mama Zuhura hajateka maji ya kutawadha, namsimamisha kwenye mgomba, namsihi. Yeye ananusa kila jani, anakimbiza kuku, anakaa ananitazama. Nikishamrudisha ndani tu, anachuchumaa katikati ya sakafu. Hapo uvumilivu unanitoka. "Subira! Subira, mchafu wewe! Nje hukuona, Subira? Huna hata haya!" Kisha natandika magazeti ya zamani niliyoyaokota ofisini, namwekea maji, nafunga mlango, naondoka hadi saa tisa na nusu. Ofisini nilikuwa nafungua majalada huku nikifikiria sakafu. Jioni namtoa tena, namsihi tena, na kelele zinaanza upya. "Subira, mbona unaniaibisha? Subira, mkubwa mzima unajikojolea!" Sauti yangu ni ya watu wa milimani, tumezoea kuitana bonde hadi bonde. Nafikiri mtaa mzima ulikuwa unajua saa kwa kunisikia mimi.

Baada ya wiki kadhaa machale yakaanza kunicheza. Kwanza, bombani. Nilikuwa nikifika na ndoo yangu wanawake wananyamaza, kisha mmoja anauliza mwenzake, bila kunitazama, "Jamani, leo Subira kakojoa wapi?" na wote wanainama juu ya ndoo zao, mabega yanatikisika. Nilidhani wananicheka kwa sababu ya kuishi na mbwa chumbani. Pili, Mama Zuhura alibadilika. Sahani ya mbaazi ilikoma. Nikimwamkia anaitikia marahaba kwa kujilazimisha, na macho yake yako kwingine. Tatu, na hili ndilo lililonitoa usingizini, magazeti yalianza kuwa makavu. Mtoto wa mbwa anafungiwa tangu asubuhi mpaka jioni, na gazeti limekaa kama nilivyoliacha, hata ukurasa haujakunjika. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilijiuliza mkojo umekwenda wapi. Siku moja niliona pembeni ya mlango alama ya majivu yaliyofagiwa. Siku nyingine mbwa alinilamba na mdomo wake ukawa unanuka samaki mkavu, na mimi sikuwa na samaki. Ufunguo wa chumba nilikuwa nao mmoja tu, nao unakaa shingoni mwangu kwa uzi.

Basi nikafanya uchunguzi. Nilinyunyiza poda ya mtoto kwenye kizingiti kabla ya kwenda kazini, kidogo sana, na jioni nikakuta alama ya kandambili. Mtu alikuwa anaingia chumbani kwangu mchana. Nikahesabu nguo zangu, nikakagua godoro chini na juu, nikafungua hata mkebe wa chumvi. Hakuna kilichopungua, na kutopungua huko kukanitisha zaidi, maana angekuwa mwizi ungejua anachotaka. Kisha nikaona udongo. Pale kwenye kiambaza cha bafu palikuwa na kifuu cha nazi kimejaa udongo mwekundu, safi, uliochekechwa. Jumamosi moja mchana nilikuwa nafua, mbwa akizurura uani, nikamwona Mama Zuhura ameinama pale, hajui kama namtazama, anajipaka udongo ule mikononi na kujimwagia maji huku akihesabu kwa kunong'ona. Alifika saba akaacha. Roho ikaniruka. Saba! Yote niliyoambiwa Njombe yalinirudia kwa pamoja, na nilikaa chumbani nimemkumbatia mbwa hadi jua likazama.

Kilichonimaliza kabisa ni Komba. Alikuja jioni moja kuniletea ujumbe wa ofisini, akasimama nje barabarani akaita, "Neema! Neema we!" Neema ni mimi. Kabla sijainuka, mbwa aliruka kutoka chini ya kitanda, masikio yamesimama, akakimbilia mlangoni anatikisa mkia. Nikamwita, "Subira!" Hakugeuka. Komba akaita tena, "Neema!" na mbwa akabweka kwa furaha. Sijawahi kuhisi baridi vile Nachingwea. Mbwa niliyemlea, niliyempa jina kwa mdomo wangu, alikuwa haitikii jina lake, anaitikia langu. Nikasema ndiyo hiyo, nyota yangu imeshachukuliwa, wamempa mbwa. Nilimsimulia Komba yote, udongo na saba na kandambili. Aliguna, akakuna kichwa. "Dada Neema," alisema, "mimi Mngoni, mambo ya humu siyajui vizuri. Lakini mtu akitaka kukuroga, kwa nini aanze kwa kukufagilia?" Sikupenda jibu lile. Nilimshuku na yeye kwa siku mbili.

Ramadhani ilikuwa inakaribia; watu walishaanza kuulizana kama mwezi utaonekana Jumamosi au Jumapili. Nilimwambia bosi wangu kwamba nina homa, nikaondoka ofisini jua likiwa utosini. Sikupita barabarani. Nilizunguka kwa nyuma, kwa yule jirani mwenye Mtachoka, nikajibanza kwenye ua wetu wa matete ambapo palikuwa na upenyo. Hewani palikuwa na ule moshi mkali wa korosho zinazobanikwa, unaowasha macho. Nikasikia mlango wa chumba changu unafunguliwa kwa ufunguo. Kisha sauti ya Mama Zuhura, si ile ya kujilazimisha, sauti nyingine ambayo sikuwahi kuisikia.

"Neema! Nje, Neema. Nje nimesema. Aa, siyo hapo, hapo naanika mbaazi zangu. Kule kwenye mgomba. Haya, kojoa. Kojoa, Neema, kojoa mama. Eeeh! Mtoto mzuri. Mwenye akili wewe, siyo mwenzio. Yeye kazi yake kupayuka tu."

Niliingia kwa kupitia palepale penye upenyo, matete yakavunjika. Mama Zuhura alikuwa amefunga kanga juu ya magoti, mkono mmoja ameshika fimbo ndefu ya kumwongozea mbwa asimguse, mkono wa pili kichwa cha samaki mkavu. Mbwa alikuwa amechuchumaa chini ya mgomba, ametulia, anafanya shughuli yake kwa adabu ambayo mimi sikuwahi kuonyeshwa. Nilikuja nimejaa hasira, lakini kwa nilivyofundishwa kwetu, mdomo ulitoa kitu kingine.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Mama Zuhura, unamwitaje mbwa wangu?"

"Namwita jina lake."

"Jina lake ni Subira."

Aliweka fimbo chini taratibu. "Subira ni mimi," alisema.

Nilibaki nimesimama na majani ya matete kwenye nywele. Miezi yote ile nilikuwa namsikia akiitwa Mama Zuhura. Kaka yake alimwita Mama Zuhura, bombani walimwita Mama Zuhura, hata mwenye duka. Sikuwahi kuuliza kabla ya Zuhura kuzaliwa alikuwa anaitwa nani.

"Subira binti Issa," alisema. "Nimeitwa hivyo wewe hujazaliwa. Na wewe unaniamsha nalo kila alfajiri. Subira mchafu! Subira huna haya! Subira mkubwa mzima unajikojolea! Natoka kuchota maji ya kutawadha, tayari nimeshatukanwa. Nafika bombani wananiuliza, mwenzetu, leo umekojoa wapi?"

"Haki ya Mungu, mama, sikujua. Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Nikuambieje? Mtu akikupiga kijembe, unamwendea kumuuliza, samahani, ni mimi? Si umeshakubali! Huyo nyuma hapo alimwita mbwa wake Mtachoka tulipogombania mpaka wa kiwanja. Nimemwambia kitu? Mwaka wa nne huu, sijamwambia. Nikajua na wewe kakufundisha."

Nilitaka kumwamini, na nusu yangu ilimwamini, lakini nusu ya masijala ilikuwa bado imesimama na mikono kiunoni. Nikamuuliza ufunguo kaupata wapi. Alinionyesha: chumba kile kilikuwa cha Zuhura, na Zuhura alipoolewa aliuacha ufunguo wake. Nikamuuliza udongo wa kwenye kifuu ni wa nini. Hapo alikasirika kweli. "Wa nini? Wa mbwa wako! Mate ya mbwa yakikugusa, sisi tunaosha mara saba, moja kwa udongo. Kila siku ya Mungu nikishamtoa naosha, ndipo nisali adhuhuri. Tazama mikono yangu, imekuwa kama ya mwashi." Akaninyooshea. Ilikuwa imekauka kweli, imepasuka kwenye vifundo. Nikajisikia mdogo, na bado nikauliza lililobaki, maana ndilo lililokuwa halinikai akilini. Kama aliamini namtukana, kwa nini alikuwa anamtoa mbwa?

Alikaa kwenye kigoda. "Nilipanga nisimtoe," alisema. "Nilisema anuke, achafue humo, kaka akija akufukuze, nipumzike. Nikakaa siku mbili namsikia anakwaruza mlango. Analia. Yule mbwa wako alikuwa anajua kuomba nje, mgeni, tangu zamani. Anaomba wewe hupo. Nikasema mbwa ni wako, lakini masikio ni yangu. Nikamfungulia." Alirusha kichwa cha samaki na mbwa akakidaka. "Halafu nikafikiri. Ukiondoka, kaka ataniletea mnunuzi wa korosho, ajaze magunia hadi ukumbini. Na tangu Zuhura aende Ruangwa, humu ndani hakuna mtu anayepaza sauti. Hata kutukanwa na mtu, ni kuwa na mtu."

Niliona haya, na chini ya haya nilikuwa nimefurahi kwa namna ambayo sikuitarajia, kama mtu aliyeambiwa kwamba homa aliyokuwa anaiogopa ni mafua. Lakini sikukubali kushindwa kirahisi. "Na wewe ukampa jina langu," nikamwambia.

"Nikampa. Wewe ulikuwa unanitukana asubuhi na jioni, mimi nikawa nakujibu mchana. Tukawa sawa." Akafikiri kidogo. "Ila mimi sikukutukana. Ungesikiliza vizuri, nilikuwa nakusifu. Mtoto mzuri, Neema. Mwenye akili, Neema."

"Kojoa, Neema?"

Ndipo alipoangua kicheko. Alicheka hadi akajifunika uso kwa kanga, na mimi nikacheka nimeshikilia mgomba, na mbwa akatuzunguka anabweka, hajui aitikie nani. Alipotulia, alikwenda bafuni akaosha mikono yake mara zote saba, sasa mbele yangu. Kisha akafungua mlango wa chumba chake, ule uliokuwa umefungwa sikuzote, akasogea pembeni. "Neema," alisema, na lilikuwa jina langu, ananiita mimi kwa mara ya kwanza, "pita ndani."

Hakukuwa na siri yoyote humo. Kitanda cha besera chenye nguzo nne na shuka jeupe, msala umekunjwa juu ya kiti, mtungi wa maji, picha ya Zuhura akiwa na sare ya shule, harufu ya udi. Alinipa chai ya mchaichai na korosho zilizobanikwa, zile zenye weusi kidogo, akanionyesha shuka alizokuwa anamdarizia mjukuu ambaye hajazaliwa bado. Mbwa alifika mlangoni akaweka mguu mmoja juu ya kizingiti. "Nje," Mama Zuhura alimwambia, bila hata kumtazama, na mbwa akarudi nyuma akalala uani. Neno lile hakulibadilisha hata siku moja. Kwa mbwa lilikuwa nje, basi.

Mzee Mfaume alikuja na mfuko wake na msala wake kama alivyoahidi. Alipita ukumbini pole pole, akanusa kama mtu anayenunua tumbaku, akachungulia chumbani kwangu, akanusa tena. Tulimwandalia futari ya muhogo wa nazi uani, tukakaa watatu. Na mbwa akachagua wakati uleule kuinuka, kwenda hadi kwenye mbaazi zilizoanikwa, na kuanza kuzunguka. Mama Zuhura aliona kabla yangu. "Neema, nje!" alipiga kelele. Mimi nikainuka. Niliinuka haraka, sahani mkononi, nikaelekea kwenye mgomba. Mbwa naye akaelekea kwenye mgomba. Tulifika pamoja. Yeye akachuchumaa, mimi nikabaki nimesimama naye na sahani yangu ya muhogo, na Mzee Mfaume akatutazama wote wawili kwa muda mrefu.

"Mama Zuhura," aliuliza, "uliyemwambia nje ni yupi?"

Ilibidi aelezwe. Dada yake alianza kueleza akashindwa kwa kucheka, nikaendeleza mimi, nikafika kwenye "leo Subira kakojoa wapi" na yule mzee akatema muhogo. Alipomaliza kujifuta machozi alisema mbwa anayejua mgomba uko wapi yeye hana neno naye, akae, ila alale nje kuanzia sasa maana amekua. "Na hayo ya majina," alisema, "basi, yaishe." Kwa hiyo tukamwita Yaishe. Siku ya pili nilitoka alfajiri nikaita jina hilo kwa sauti yangu ya milimani, na Mama Zuhura aliniambia kwamba jirani wa nyuma alikuja mchana ule kumuuliza kama maneno yale yanamwelekea yeye, kuhusu mpaka. "Nikamwambia sijui," alisema, "mwulize mwenye mbwa." Hakuja kuuliza, ila haukupita mwezi yule Mtachoka akaanza kuitwa Jeki.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Ruangwa. Nilikusudia kwenda na Yaishe. Hata kamba nilinunua. Jioni ya kufunga mizigo Mama Zuhura alinisaidia kukunja mashuka, akaniuliza kama mtu asiye na haja ya jibu, "Eti Ruangwa wanawawekea mbwa sumu?" Nikamuuliza nani kasema. "Nasikia tu," alisema. Alikwishanijua pa kunishika. Sikulala, na asubuhi nilipanda gari peke yangu. Yaishe alilinda nyumba ile hadi akafa kwa uzee, na kila nilipokwenda kuwatembelea alinipokea mlangoni. Lakini nilijua, kwa kuwa Zuhura aliniambia, kwamba wakiwa peke yao uani mama yake aliendelea kumwita Neema.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku ya hitma. Kisomo kiliisha, sahani za pilau zilikusanywa, watu wakaanza kuaga. Zuhura, ambaye sasa ana wajukuu wake mwenyewe, alivuta kigoda akakaa karibu yangu. Aliniambia mama yake hakuteseka sana. Siku za mwisho alikuwa haongei na mtu, isipokuwa kuita. "Alikuwa anaita Neema, Neema," alisema, anatabasamu. "Tukawa tunaambiana, masikini, anamwita mbwa wake."

Sikutabasamu. Niliumia, na niseme wazi kwamba nilimwonea wivu mbwa aliyekufa miaka mingi iliyopita. Kisha ule ugonjwa wangu ukaamka.

"Aliita Neema tu," nikamuuliza, "au kuna neno lingine aliongeza?"

"Kama lipi?"

"Wewe niambie. Alisema Neema, halafu akasema nini?"

Zuhura alifikiri. Nilimwangalia usoni kama nilivyokuwa nikiwaangalia wanaosema faili halionekani. "Alisema, Neema, pita ndani," alisema.

"Hakusema nje?"

"Hapana, dada."

"Kumbuka vizuri. Neema, nje. Hakusema hivyo?"

"Nilikuwa nimemshika mkono, dada Neema. Alisema pita ndani. Alirudia."

Mlango wa chumba cha Mama Zuhura ulikuwa wazi nyuma yetu, msala umekunjwa juu ya kiti. Tangu asubuhi nilikuwa nimekaa uani, sijathubutu kusogea. Nikainuka, nikavua viatu kizingitini, nikapita.